Babu Alikuwa Keya: Namna ya Kumtafuta Askari wa Ukoo Wako

Kwetu Nzega kila mtoto alikua akijua kwamba wakati wa vita babu alikuwa Boma. Bibi alisema hivyo, mashangazi wakasema hivyo, na sisi wajukuu tukaelewa kwamba babu alikuwa tarishi au karani wa Mkuu wa Wilaya, maana boma kwetu ni ofisi ya serikali. Nilikuwa nimeshafundisha jiografia miaka kumi na tisa siku shangazi yangu mkubwa aliponiambia, huku anachambua mchele, kwamba huko Boma mvua ilinyesha miezi bila kukatika, mpaka babu akaoza vidole vya miguu. Nikaweka ungo wangu chini. Nzega ipi hiyo yenye mvua ya miezi? Nikamwomba alitamke tena lile jina, polepole. Akasema, "Baama. Kwa Wajapani."

Babu alikuwa Burma, Myanmar ya leo.

Alikuwa askari wa Keya, yaani lile jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza huku Afrika Mashariki. Kuanzia siku hiyo imenichukua miaka tisa kumfuatilia, na katika miaka hiyo nimesaidia familia kadhaa za jirani kuwatafuta wao pia. Katika Vita ya Pili peke yake Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000, kwa hiyo ukiuliza vizuri, karibu kila ukoo una mtu wake. Nitaeleza jinsi ninavyofanya, na nitaanza na kazi ambayo haihitaji nauli wala intaneti.

Kaa na wazee kwanza

Karatasi zitakusubiri. Mzee wa miaka tisini hatakusubiri. Nenda na simu yenye chaji ya kutosha, omba ruhusa ya kurekodi, halafu usiulize "Alikuwa kikosi gani?" Hakuna shangazi anayejua kikosi. Uliza alikuwa anakataa kula nini. Uliza kovu lile la begani lilitoka wapi, na alipolewa aliimba nini. Uliza aliwaamshaje watoto asubuhi. Shangazi yangu hajui neno la Kiingereza, lakini nilipomuuliza habari za asubuhi alinyoosha mgongo akahesabu hatua za kwata kama anavyohesabu kuruta, kwa sauti ya baba yake.

Sikiliza majina ya mahali jinsi wazee wanavyoyatamka, kwa sababu ndimo tarehe zilimojificha. Mzee akisema Uhabeshi, anazungumzia vita dhidi ya Mtaliano, na kwa wengi hiyo ni 1941. Akisema Bukini, ni Madagaska, 1942. Wale Wafaransa waliokuwa wakiitawala wakati huo walipigwa na Waingereza pamoja na vikosi vya Afrika Mashariki, kikiwamo kimoja cha Tanganyika. Silani ndiyo Sri Lanka ya leo, ambako maelfu ya askari wetu walikaa na kufanya mazoezi kati ya 1942 na 1944 kabla ya kuvushwa kwenda Burma. Na Burma utaisikia kwa kila namna: Bama, Baama, Boma, Buruma. Ukisikia "Mdachi" au "Mjerumani", uliza zaidi kabla ya kuandika chochote, kwa kuwa vita zote mbili Mjerumani alikuwamo. Aliyebeba mizigo porini hapa hapa nchini ni wa Vita ya Kwanza.

Mwaka wa kurudi utaupata kwa matukio. Kwetu watu husema "kabla ya karanga" au "wakati wa karanga", wakimaanisha ule mradi mkubwa wa Waingereza ulioanza Kongwa mwaka 1947 na kufa 1951. Kama mtoto wa tatu alizaliwa "karanga zilipoanza", na wa pili alikuwa ameshatembea babu alipoondoka, tayari unalo pengo la miaka. Pengo kati ya watoto ni ushahidi mzuri kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Mimi niliwapanga watoto wa bibi kwa umri nikakuta mmoja wa 1941, kisha hakuna hadi 1947.

Uliza pia majina yasiyoeleweka. Baba yangu mdogo, huyo aliyezaliwa 1947, ana jina la Kingoni. Sisi ni Wanyamwezi, na hakuna aliyekuwa anajua jina lile limetoka wapi. Wengine walisema ni la daktari aliyemzalisha. Niliandika kwenye daftari nikaweka alama ya kuuliza, na alama ile ikakaa pale miaka sita.

Kabla hujatoka kijijini, omba mambo matatu ambayo watu husahau kuwa ni nyaraka. Kwanza, wasifu wa marehemu uliosomwa msibani; mara nyingi mtoto mkubwa bado anayo ile karatasi, na aliyeiandika alikuwa amewahoji wazee ambao leo hawapo. Pili, makaratasi ya mirathi kama yalifika mahakama ya mwanzo. Tatu, kwa Wakristo, daftari la ubatizo na ndoa pale parokiani. Humo utapata jina la baba, kijiji, na jina la dini ambalo huenda ndilo alilojiandikishia jeshini wakati nyumbani mnamwita kwa jina jingine kabisa.

Kopo la biskuti

Vitu vya babu vilikuwa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati la bibi: nyota moja ya shaba, medali moja ya duara, na karatasi iliyokunjwa mara nne hadi ikakatika kwenye mikunjo. Bibi aliipenda ile nyota, kila Krismasi akaisugua kwa majivu na ndimu. Nakuomba, usisugue. Maandishi yaliyo juu ya chuma huisha kidogo kidogo. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi.

Nyota zile zimeandikwa jina lake lenyewe kwa Kiingereza kuzunguka taji la katikati. Iliyoandikwa BURMA ni ya Burma. Iliyoandikwa AFRICA ni ya Uhabeshi, Somalia au kaskazini mwa Afrika. Iliyoandikwa 1939–1945 ni ya kupigana popote palipohesabika, na aliyekwenda Bukini anayo hii tu, kwani Madagaska haikupewa nyota yake. Kama chuma kimepotea na utepe umebaki, soma utepe. Wa Burma una buluu iliyoiva pembeni, wekundu mpana katikati, na mstari wa rangi ya chungwa ndani ya kila buluu. Wa Afrika una rangi ya mchanga, na wekundu katikati. Ile medali ya duara yenye simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili ilitolewa kwa wengi mno waliotumikia, haikuambii alikokwenda.

Usitegemee kukuta jina lake nyuma. Nishani za kampeni ambazo Uingereza ilitoa baada ya Vita ya Pili kwa kawaida hazikuchongwa majina. Jina na nambari viko kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, kitabu cha akiba cha posta, bahasha za posho iliyotumwa kwa mke, au kwa penseli nyuma ya picha.

Karatasi yangu ilikuwa imefifia. Niliipeleka dirishani saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini, nikaiweka kitako ili mwanga uje kutoka upande, nikapiga picha kama ishirini huku naigeuza kidogo kidogo. Wino uliokufa huacha mfereji wa kalamu, na mwanga wa upande huujaza kivuli. Nambari ya jeshi ikasomeka yote. Ikasomeka KAR, yaani King's African Rifles, hao ndio Keya. Lakini batalioni ikagoma: ilikuwa 26 au 36? Tarakimu ya kwanza imepita juu ya mkunjo.

Tofauti hiyo ni kubwa. Zote mbili zilikuwa batalioni za Tanganyika, zote zilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru. Ila batalioni ya 26 ilikuwa ndani ya brigedi ya 25, na batalioni ya 36 ndani ya brigedi ya 26. Wameshuka bonde moja kwa nyakati na njia tofauti. Ukikosea tarakimu moja, utaandika historia ya babu wa mtu mwingine.

Mtafute aliyechukuliwa naye siku moja

Hapa ndipo wengi hukwama, nami nilikwama miaka miwili. Kilichonitoa ni kukumbuka namna watu walivyoandikishwa: mtemi anaambiwa alete vijana, wanapelekwa pamoja, wanapewa nambari wakiwa kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo jirani wa babu aliyesimama nyuma yake ana nambari inayofuatana na yake. Nikaanza kuuliza vijiji vya jirani, siyo habari za babu tena, bali "nani mwingine kutoka huku alikwenda Keya?" Nyumba ya saba nikaletewa kitabu kidogo kilichohifadhiwa ndani ya mfuko wa sukari. Nambari yake ilikuwa mbele ya ya babu kwa nne tu, na batalioni ilisomeka bila shaka: 36.

Nambari za kufuatana hazitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa kuruta wa siku moja waliweza kutawanywa. Lakini familia ile ilikuwa na picha ya askari sita mbele ya hema, na wa pili kutoka kushoto alikuwa na masikio ya baba yangu. Nilimpelekea shangazi bila kumwambia lolote. Aliishika kwa mikono miwili akamgusa yule wa pili.

Kumbuka pia kwamba si kila aliyeitwa Keya alibeba bunduki. Wapo waliokuwa madereva, wapishi, wauguzi, watu wa simu, wapiga mizinga, na Payonia wa kujenga barabara, kila tawi na herufi zake. Kama askari wa ukoo wako alikuwa mpiga mizinga, fuatilia kwa uangalifu: tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi ikiwa imebeba kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikufa watu zaidi ya 1,200. Kama kwenu husemwa "alizama baharini na hakurudi", anza hapo.

Kutafuta kwenye mtandao

Kwa aliyefia vitani, mlango wa kwanza ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, cwgc.org. Ni bure. Usilipe mtu. Mimi nililipa laki moja na nusu kwa mtu aliyejitangaza kuwa mtafiti, akanitumia karatasi moja yenye muhuri mzuri ambayo baadaye niliikuta kwenye tovuti ile ile, neno kwa neno.

Ukitafuta kwa jina kamili hutapata kitu, na hapo usikate tamaa. Aliyeandika alikuwa Mwingereza aliyesikia kwa sikio lake. Abdallah ameandikwa Abdala, Abdulla, Abdullah. Majina yetu yenye "ng'" na "mh" yameumia zaidi. "Bin" mara inahesabiwa kuwa jina, mara imeachwa. Kwa hiyo acha jina wazi, chagua King's African Rifles, weka mwaka wa kufa, kisha soma orodha nzima kwa macho yako. Ni kazi ya jioni kadhaa. Baadhi ya maingizo yana maelezo ya nyongeza: mtoto wa fulani, wa wilaya fulani, Tanganyika. Waliofia Burma bila kaburi kujulikana wameandikwa kwenye Mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan nje ya Yangon. Wengine utawakuta kwenye mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi kwenye barabara ya Ngong.

Kwa aliyerudi salama, tafuta gazeti la serikali ya Uingereza, London Gazette, ambalo linasomeka bure mtandaoni, kama alipewa nishani ya ushujaa au kutajwa kwenye taarifa. Zaidi ya hapo, jitayarishe: faili binafsi la askari wa kawaida Mwafrika usitarajie kulikuta Uingereza pamoja na mafaili ya Waingereza. Jambo hili liliniuma sana.

Kilichopo ni shajara ya batalioni. Kila kikosi kiliandika kila siku kiko wapi, hali ya hewa, doria ngapi zimetoka, nani amekufa. Zimehifadhiwa Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Katalogi yake unaweza kuipekua bure ukiwa Nzega. Shajara za vikosi vilivyokuwa Burma ziko kwenye mfululizo wa WO 172. Za Afrika Mashariki na Mashariki ya Kati kwenye WO 169. Za Vita ya Kwanza kwenye WO 95. Andika namba ya batalioni na mwaka, nakili namba ya kumbukumbu, kisha uombe nakala kwa malipo au umtume ndugu aliye huko akapige picha kwa simu. Mimi nilimtuma mwanafunzi wangu wa zamani anayesoma London. Omba mwezi mmoja au miwili tu kwanza. Majina ya askari Waafrika ni machache humo, mara nyingi ni hesabu tu. Ila siku unazipata. Divisheni ya 11 iliteremka bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, katikati ya mvua za masika za Burma, wakati ambapo majeshi mengi hungoja ardhi ikauke. Tarehe 2 Desemba waliingia Kalewa, kwenye mto Chindwin. Nilichukua ramani, nikaweka nukta ya penseli kwa kila siku. Zile siku za mvua alizokuwa akizisema shangazi zipo, zimeandikwa moja moja.

Huku nyumbani, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa Dar es Salaam ina mafaili ya wilaya ya wakati wa Mwingereza. Kwa Kenya, Hifadhi ya Taifa iko Nairobi, Moi Avenue. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, na usiombe "faili la babu". Omba mafaili ya wilaya yake yanayohusu uandikishaji, posho za familia za askari, na kurudishwa kwa askari baada ya vita. Mkuu wa Wilaya ndiye aliyepitishiwa malalamiko ya wake ambao hela haijafika, na wake wanaolalamika wametajwa kwa majina. Nilimkuta bibi yangu humo. Sikumpata babu.

Kama wako alibaki jeshini baada ya 1945, fuata mlolongo wa majina ya vikosi. Batalioni ya 6 ya Keya na ya 26 ndizo zilizokuwa Tanganyika Rifles wakati wa uhuru 1961, ya kwanza Dar es Salaam kwenye kambi ya Colito, ya pili Tabora. Colito ni jina la mapigano ya Uhabeshi ya 1941. Kambi hiyo leo ni Lugalo. Baada ya maasi ya Januari 1964 jeshi lile lilivunjwa, na JWTZ ikaundwa Septemba mwaka huo. Mzee aliyesema "nilikuwa Colito" anaweza kuwa anazungumzia kambi au vita. Muulize ilikuwa na mabati?

Vita ya Kwanza ni ngumu zaidi, na kwa wapagazi ni huzuni tupu. Mtaa wa Kariakoo umebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps, na Kariokor ya Nairobi vile vile, lakini wengi wao majina yao hayakutunzwa. Mwaka 2021 tume ile ya makaburi yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Ukiwa na jina la mpagazi, kijiji chake na hadithi ya namna alivyokufa, iandikie tume. Wanapokea majina.

Na siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, nenda uwanjani mkoani kwako kama kuna shughuli. Waliovaa medali za baba zao kifuani watakueleza mengi kabla gwaride halijaanza.

Lile jina la Kingoni

Nilikuwa nasoma orodha ya waliokufa wa batalioni ya 36, mwezi wa Novemba 1944, jioni ya nne au ya tano. Jina la baba yangu mdogo likapita mbele ya macho. Nililiacha likapita, kisha nikarudi. Cheo chake, nambari yake, jina la baba yake, na wilaya: Songea, kwa Wangoni. Hana kaburi. Yuko kwenye mnara wa Rangoon.

Nilimpigia baba mdogo usiku ule ule. Alinyamaza muda mrefu, akauliza, "Alikuwa na mke?" Nikamwambia hawakuandika. Akasema, "Basi waulize watu wa Songea."

Jina hilo silitaji hapa, kwa kuwa ndugu zake bado hawajajua na inafaa wasikie kutoka kwetu. Nimeshaandikia parokia mbili za Songea, nimeeleza jina la baba yake na miaka, nimewaomba watazame madaftari ya ubatizo kati ya 1915 na 1925. Moja imejibu kwamba katekista mzee ataulizia ukoo huo baada ya mavuno. Baba mdogo ana miaka sabini na minane. Ameshanunua begi.